Aliambiwa Simama, Akasimama

Mume wangu aliambiwa simama, akasimama, na pangaboi la ndege likampiga mkono wa kulia. Nalitanguliza hilo kabla ya lingine lolote, maana nimelisema mbele ya watu wenye meza kubwa na hakuna hata mmoja aliyeliandika kama lilivyo. Si kwamba hawakujua kuandika. Walijua mno.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tulikaa Ufukoni, chumba kimoja na kibaraza, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi tisa. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, nimekifunga kwenye nailoni mende wasikitafune. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanja katika shirika ambalo jina lake silitaji. Lilikuwa na ofisi mjini, lilikuwa na maghala, na lilikuwa na ndege moja ndogo ya injini mbili iliyotua kwenye kiwanja cha udongo nje ya Mtawanya, katikati ya mikorosho. Wakubwa waliipanda kwenda Dar es Salaam na kurudi. Sisi wengine tuliisikia ikipita.

Kazi zake pale zilikuwa tatu: kufyeka majani, kufukuza mbuzi, na magogo. Magogo ni vipande vya mti vilivyochongwa pembe, vinawekwa mbele na nyuma ya tairi ili ndege isitembee. Rubani akishawasha injini na kuwa tayari kuondoka, mtu wa magogo anachuchumaa, anavuta kamba, gogo linatoka, naye anarudi nyuma amejikunja hivyo hivyo mpaka apite bawa. Karibu na injini huinui kichwa. Hilo alilijua kuliko anavyolijua jina la baba yake. Miaka miwili alivuta magogo yale na hakukwaruzwa hata kucha.

Miaka miwili hiyo amri zilikuwa za Kiingereza. Mume wangu aliishia darasa la nne, Kiingereza hakijui, lakini maneno yale sita au saba ya kiwanjani aliyajua kama mbwa anavyojua jina lake. Ukisema "stop" alikuwa jiwe. Awe amesimama, awe amekaa, awe amechuchumaa, alikuwa jiwe pale pale alipo.

Kisha ukaja waraka. Kuanzia siku fulani amri zote za kazi zitolewe kwa Kiswahili, lugha ya taifa, tuachane na kasumba. Mimi nilifurahi. Sioni aibu kusema nilifurahi, kila mtu alifurahi. Msimamizi wa kiwanja alikaa na karani wakapanga maneno, wakayapiga chapa kwenye karatasi moja, kila mfanyakazi akapewa nakala aende nayo nyumbani akajifunze. Toa magogo. Weka magogo. Nenda. Rudi nyuma. Simama.

Akaniletea mimi, msomi wa nyumba. Kwao wanasema Kimakonde, na Kiswahili chake kimepita shule kidogo na mjini kidogo, kwa hiyo alitaka ayatie kichwani vizuri asije akachekwa na watu wa bara. Basi jioni tukafanya mazoezi uani. Yeye anatembea kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye kamba ya nguo, mimi nimekaa kizingitini nanyonyesha, nasema simama, naye anaganda mguu mmoja hewani. Nasema nenda, anakwenda. Simama, anaganda. Mtoto aliachia ziwa akacheka. Jirani yangu wa ukuta wa pili akachungulia akaniuliza, "Shoga, huyo mume au baiskeli? Mbona unamfunga breki?" Tukacheka wote. Jioni tatu tulicheza mchezo ule.

Tulifanya mazoezi akitembea. Hatukufanya akiwa amechuchumaa. Narudia: mwalimu nilikuwa mimi, na sikumfundisha akiwa amechuchumaa.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya pili ya maneno mapya, masika yamepamba moto. Nilikuwa bombani nafua nepi. Tarishi wa shirika akaja na baiskeli, mzee wa makamo mwenye kofia ya darizi, akashuka mbali, akaanza kuisukuma. Mtu mwenye habari njema hashuki mbali. Akanisalimia, nikamwamkia, akanitaka nimchukue mtoto niende hospitali, na akaongeza kwamba yu hai. Kila mtu siku ile aliniambia yu hai, kama vile nilikuwa nimeuliza.

Mambo yalivyokwenda nimeyakusanya kwa waliokuwepo, na hawapingani. Injini zinaunguruma. Mume wangu amechuchumaa kwenye tairi, ameshika kamba, ameanza kuvuta. Msimamizi amesimama upande, mkono mmoja ana mwamvuli na mwingine ana makaratasi, na kwa hiyo hakuwa na mkono wa kuinua kutoa ishara. Akaona mbuzi wameingia kiwanjani kule mbele. Akataka gogo libaki. Akapaza sauti, "Simama!"

Sasa niambie wewe unayesoma. Mtu amechuchumaa chini, mkubwa wake anamwambia simama. Anafanya nini?

Akasimama. Alivyoinuka alipeleka mkono kichwani kushika kofia, upepo wa pangaboi usiichukue. Watu wanasema kofia ile ndiyo iliyomwokoa, maana mkono ulitangulia mbele ya kichwa. Sijui. Rubani akazima. Mbuzi wakaondoka wenyewe.

Daktari aliniita kando siku ile ile. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na hakunificha. Mfupa chini ya kiwiko ulikuwa vipande, mishipa imechanika. Alisafisha, akafunga banzi, lakini zaidi ya pale hakuwa na vifaa wala fundi.

"Mimi hapa ninachoweza ni kukata," alisema. "Dar es Salaam yuko mtu anayeweza kujaribu kuunga. Nakuandikia barua sasa hivi. Lakini awe amefika ndani ya wiki hii. Kidonda kikianza kunuka usije ukaniomba nisubiri."

Mkono wa kulia. Mliolelewa Kiislamu sina haja ya kuwaeleza. Ndio mkono wa kula, jina lake lenyewe limo humo. Wa kushoto una kazi zake, nazo si za sahani. Mume wangu ni mtu wa Ziwani, kwao watu wanakula sinia moja, ugali wa muhogo na kisamvu katikati, na mikono inakutana. Alikuwa macho daktari aliposema neno kukata. Hakulia. Aliniuliza tu kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Nitakula na nani?"

Kazi yangu ikawa hiyo moja: kumfikisha Dar es Salaam. Barabara ya kaskazini ilikuwa imekatika kwa mafuriko, magari yamelala njiani siku nyingi. Meli haikuwa na siku. Ndege ya abiria haikumchukua mgonjwa wa kulala bila barua ya mwajiri wake. Ilibaki ndege ya shirika, ndege ile ile iliyompiga, na yenyewe ingeondoka Jumatano asubuhi. Rubani aliikagua Jumatatu yote na Jumanne yote. Haikuwa na kitu. Hata rangi haikubanduka.

Jumanne nikamwendea msimamizi kwake. Si mtu mbaya. Ni mtu wa mbali, Mkristo wa bara, mke wake alinipokea mtoto akampakata. Msimamizi alinitilia chai mwenyewe. Akanieleza utaratibu: mfanyakazi aliyeumia kazini bila kosa lake anapata nafasi kwenye ndege, sahihi ya meneja inatosha. Aliyeumia kwa uzembe au ukaidi, hapana, mpaka makao makuu waamue. Kwa hiyo kamati ya wafanyakazi lazima ikae kwanza. Nikamwambia hilo la kosa wewe unalijua. Akasema, "Mama, mimi nilisema simama. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Nilikaa pale kwenye kochi lake nikitafuta neno la Kiswahili la kumzuia mtu aliyechuchumaa asivute kamba. Acha. Tulia. Baki hapo hapo. Yapo. Lakini hayakuwemo kwenye karatasi.

Kamati ilikaa mchana, wodini, kando ya kitanda. Watu wanne na msimamizi. Mimi niliambiwa si shahidi, nikasimama mguuni pa kitanda na mtoto mgongoni kwenye mbeleko. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Ziwani, amekaa sakafuni. Mume wangu alikuwa amechomwa sindano ya maumivu, ulimi mzito.

Wakamwuliza aliambiwa nini.

"Niliambiwa simama."

Akafanya nini.

"Nikasimama."

Katibu wa kamati, kijana wa ofisini mwenye suruali ya bugaluu, akaweka kalamu chini. "Kama ulisimama, pangaboi lilikufuata?"

Mmoja akacheka. Si kwa ubaya labda, ila alicheka. Mume wangu alinitazama mimi, msomi, nimsaidie. Nikafungua mdomo, nikaambiwa tena si shahidi. Katibu akaandika. Aliandika kwa Kiingereza, maana waraka ulisema amri za kazi ziwe za Kiswahili lakini haukusema lolote juu ya taarifa, na taarifa zilikuwa za Kiingereza tangu enzi. Nilisogea nikasoma juu ya bega lake. Alikuwa ameandika kwamba mfanyakazi anakiri kuwa aliamriwa "stop", na kwamba hakutii.

Nikamwambia neno lile siyo. Nikamwambia Kiingereza kina neno moja la aliyekaa ainuke na lingine la anayekwenda asiende, na Kiswahili kina moja kwa yote mawili, na wewe umechagua lile linalomhukumu. Akafunika kalamu yake. "Bibie, shule yako nzuri. Lakini hapa hatusahihishi insha."

Mama mkwe hakuelewa maneno yote, ila alielewa sura zetu. Yeye alizaliwa kijiji kimoja kule mto Ruvuma unapoingia baharini, kwenye mikoko, na miaka ya vita vya Mreno ng'ambo ya mto ndege zilikuwa zikipita juu yao. Alijifunza kulala kifudifudi. Alishahamia Ziwani zamani na vita vilishakwisha, lakini mpaka leo akisikia ndege anachuchumaa, hata kama ana ungo mkononi. Mwanawe alipopata kazi kiwanjani hakuongea naye mwezi mzima. Kamati ilipotoka akasema, bila kumtazama mtu, "Za Mreno zilinikosa mara ngapi sijui. Hii ni ya kwetu wenyewe, tena iko chini, haijaruka."

Jumatano nilifika ofisini kwa meneja kabla ya mfagiaji. Meneja akafika saa mbili na nusu. Akanipita pale kwenye benchi, akaingia, na mimi nikaambiwa nisubiri, ana kikao. Nikasubiri na mtoto. Kikao kilipokwisha nikaambiwa anakunywa chai. Nilikuwa bado kwenye benchi lile niliposikia ndege. Mtu huwezi kukosea sauti ile mji mdogo kama wetu. Ilipita juu ya bati, madirisha yakatetemeka, ikaenda zake. Nikajiambia labda imezunguka. Nikajiambia labda ni nyingine. Mwanamke akiwa na shida anaweza kujiambia chochote.

Ndipo nikaingia bila kuitwa. Meneja alikuwa amekaa nyuma ya meza, anasoma. Tarishi, yule yule wa baiskeli, alikuwa anatembea kuelekea mlangoni na sinia la vikombe. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga kusema shikamoo. Badala yake nikasema kwa sauti ya uani kwangu:

"Simama."

Tarishi akaganda na sinia lake, mguu mmoja mbele. Meneja akainuka kwenye kiti.

Tukabaki hivyo. Vikombe vilikuwa vinalia taratibu. Meneja alikuwa wima, mikono mezani, anajiuliza kwa nini amesimama. Nikamwonyesha tarishi kwa kidole, kisha nikamwonyesha yeye. Nikasema, "Ndugu Meneja, neno moja. Yeye amesimama na wewe umesimama. Nani kati yenu amekaidi?"

Si mjinga mtu yule. Nilimwona akielewa, uso wake ukapita kutoka hasira mpaka kwenye kicheko kidogo, na kicheko nacho kikafa. Alikaa. Akamruhusu tarishi aende. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia. Akaniambia nikae, nikakaa, akamwangalia mtoto.

"Nijibu moja," alisema. "Alifundishwa maneno haya mapya? Aliyajua maana yake kiwanjani ni nini?"

Hapo ndipo nilipodanganya. Nikamwambia hakufundishwa na mtu yeyote, alipewa karatasi tu. Nilijua nikisema tulicheza jioni tatu uani, akiganda mguu hewani kila ninaposema neno, atasema basi alijua. Na kweli alijua. Alijua akitembea. Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu, hata mume wangu hatujawahi kulitaja, na sitaki kusema uongo mara mbili.

Meneja akaandika kidogo kwenye karatasi. Halafu akavua miwani. Alisema angekuwa na taarifa mbele yake angeirudisha kwa kamati ikaandikwe upya, saa hiyo hiyo angetia sahihi. Lakini aliitia mhuri jana jioni na imekwenda makao makuu. Nikamwuliza imekwenda na nini. Nilijua imekwenda na nini. Nilitaka aseme yeye.

"Na ndege," alisema.

Karatasi ilipata nafasi. Baadaye tarishi alinishika pembeni akaniambia, kwa kunong'ona kama mtu anayeomba radhi, kwamba ndani kulikuwa na rubani, bwana mmoja wa ukaguzi, na kapu la kamba kochi wa harusi ya mtu. Viti vingine vilikuwa vitupu.

Siwezi kusema meneja hakujaribu. Alizungusha simu mbele yangu. Mara ya kwanza laini ilikuwa imekufa kwa mvua. Mara ya pili alipata mtu, akapaza sauti mpaka mtoto akaamka, na yule mtu akasema mkubwa mwenye uwezo wa kufungua jalada lile yuko semina mpaka wiki ijayo. Meneja akaandika barua. Nayo ingeondoka na ndege ya Jumatano nyingine. Nikamwambia mkono hauwezi kusubiri Jumatano nyingine. Akasema, "Najua, dada." Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenifukuza. Mtu akikufukuza unajua pa kupeleka hasira.

Nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Akanisindikiza ofisi ya chama ya kata. Wakanipa kiti, wakanipa pole, wakaandika jina langu kwenye daftari. Nilikwenda gatini kuuliza meli, nikaambiwa haina siku. Nilikwenda tena kwa msimamizi, mke wake akaniambia amelala, na nilikiona kivuli chake kupitia pazia amekaa. Alhamisi, Ijumaa. Mguu wa kandambili ukakatika nikaufunga kwa uzi wa mkonge. Ziwa likaanza kukauka kwa kutokula, mtoto akawa ananing'ata.

Jumamosi alasiri niliingia wodini nikasikia harufu kutoka mlangoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuzia nyuso ukutani, kwa adabu. Mume wangu alijifanya hanuki. Akaniuliza habari za nyumbani, kama paa linavuja. Nikamwambia linavuja. Akasema likikauka jua atapanda alizibe.

Daktari akaja akafunua, akafunika. Akasema Jumapili asubuhi. Fomu ya kukubali ilihitaji sahihi, na mume wangu hakuwa na mkono wa kuandika, kwa hiyo niliandika mimi. Mwandiko wangu ni mzuri. Walimu walikuwa wananisifia kwa herufi zangu. Niliandika jina lake kamili kwa herufi zile nzuri chini ya maneno yaliyosema kwamba nimekubali.

Alipozinduka alitazama, akageuka upande mwingine. Mama mkwe hakuuliza lolote juu yake, alikwenda moja kwa moja kwa sista wa zamu kuuliza mkono uko wapi. Alikuwa amekuja na kipande cha bafta nyeupe, ya sanda. Alikuwa amekikata kabla, aliporudi Ziwani katikati ya wiki, nyumbani kwake, wakati mimi bado nazunguka maofisini nikidhani kuna njia. Sijui kama namsamehe kwa hilo au namheshimu. Mkono ukafungwa, shemeji yangu akaupakata mbele ya baiskeli, mama mkwe akafuata kwa miguu nusu ya njia mpaka akapata gari la mihogo. Wakauzika Ziwani, pembeni mwa mikorosho, shimo dogo. Mwalimu wa madrasa aliulizwa kama panasomwa kitu, akasema ufunikwe tu vizuri. Mimi sikuwepo. Nilikuwa wodini namlisha mume wangu uji kwa kijiko, na mtoto mapajani akipanua mdomo kila kijiko kinapopita.

Tulirudi nyumbani. Hakutaka kula mbele za watu. Wenzake wa kiwanjani walipokuja kumpa pole nikatenga sinia, akasema ameshiba, na alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Walipoondoka nikamlisha. Nilianza kumega tonge moja kwake, moja kwa mtoto, na nikagundua wote wawili wananisubiri kwa namna moja. Nilitamani kuivunja ile sahani.

Barua ilikuja Jumatano ya pili baada ya kukatwa. Tarishi alishuka karibu safari hii, mlangoni kabisa, na alikuwa anatabasamu, maskini, maana aliambiwa ni habari njema. Mume wangu alikuwa amekaa mkekani uani, shati limefungwa fundo kwenye kiwiko. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele, mimi nauosha kwenye beseni. Mtoto alikuwa anatambaa kati yao.

Barua ilikuwa ya Kiswahili. Kiswahili kizuri, chapa safi, mhuri wa zambarau. Ilisema kwamba baada ya kupitia maelezo mapya, taarifa ya ajali imesahihishwa. Pale palipoandikwa mfanyakazi alikaidi amri, pasomeke: mfanyakazi hakuielewa amri. Na kwa kuwa si ukaidi, nafasi ya kulala imetengwa kwa ajili yake kwenye ndege ya leo, ili apelekwe Dar es Salaam akaungwe mkono.

Niliisoma kwa sauti hadi hapo. Kisha nikarudi nyuma nikasoma tena kile kipande kimoja. Hakuielewa amri.

"Niliielewa," mume wangu alisema. "Wameandika hivyo?"

Nikamwambia ndivyo walivyoandika.

"Aliniambia simama."

Nikamwambia najua.

Tarishi aliuliza kama atamwambia rubani asubiri. Mume wangu akamjibu, si kwa chuki. Akamwambia awape salamu, na awaulize kule Dar es Salaam kama wataunga huo wa Ziwani, au yeye atafute mwingine. Tarishi akainama, akapanda baiskeli yake. Baada ya muda tukasikia injini upande wa Mtawanya, zikapanda, ndege ikaja juu yetu. Mama mkwe akachuchumaa na ungo wake. Mume wangu hakuinua uso.

Na mtoto, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akishika vitu na kuviachia, akashika goti la baba yake, akajivuta, akaachia. Akawa dede. Mara ya kwanza. Miguu imetanuka, tumbo mbele, anayumba, anatutazama mmoja mmoja tuone.

Mnajua mtoto akifanya hivyo anaambiwa nini. Mama mkwe alifungua mdomo pale alipochuchumaa, neno likamfika kwenye meno, akanitazama, akafumba. Mume wangu akaleta mkono wa kushoto mbele kupiga makofi. Niliona na ule mwingine ukisogea ndani ya fundo la shati, unakuja kukutana na mwenzake. Akabaki na kiganja kimoja hewani.

"Mpigie wewe," akaniambia.

Nilikuwa nimeshika barua kwa mikono miwili. Nikaiachia chini, kwenye maji ya mchele, nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, nikapiga mpaka viganja vikawaka, sikuweza kuacha. Mtoto alidhani namgombeza. Akakaa chini kwa matako, akaanza kulia.